Siku Jiwe la Mama Aneth Lilipokatwa

Jumanne, tarehe 8 Oktoba 1996. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi, anga halina wingu, na upepo wa vumbi ulivuma kutoka upande wa Manyoni mpaka alasiri ulipotulia. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilikuwa imechelewa na hakuna aliyejua itaingia saa ngapi. Hiyo ndiyo siku Yasinta Msengi, muuza asali wa stesheni ya Itigi, alipokubali jiwe lake likatwe.

Naandika habari zake kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu wengi wanaosimulia jambo hilo siku hizi wanalisimulia vibaya. Wengine wanasema jiwe lilipokatwa lilitoa asali. Halikutoa asali. Lilitoa vumbi jeupe na maji machafu, na baada ya hapo likaonyesha kilichokuwa ndani yake, na hicho kilitosha.

Yasinta alizaliwa Iramba, upande wa Kiomboi, akaletwa Itigi na mumewe Ignas, aliyekuwa mfanyakazi wa gengi la reli. Ignas alifariki mwaka 1987, akamwachia binti mmoja, Aneth, na nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Sisi majirani tulimwita Mama Aneth. Jina la Yasinta lilibaki kanisani na kwenye karatasi za serikali. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini akiuliza swali alilirudia mpaka ajibiwe.

Miaka ile ndiyo ruksa ilikuwa imefika mpaka kwetu. Zamani asali iliuzwa ushirika, na mtu binafsi akionekana njiani na madebe mawili aliulizwa maswali. Sasa kila mwenye ndoo alikuwa mfanyabiashara. Mitumba ikajaa sokoni, sukari ikapatikana bila foleni, na stesheni ikawa soko kila treni inaposimama. Mama Aneth alifunga kanga yake kiunoni, akaanza kuingia kwenye kichaka cha Itigi, kile kichaka kilichosongamana ambacho mgeni hapiti bila kuchanika nguo, akawafuata warina asali kwenye kambi zao. Alinunua masega, akayabeba nyumbani, akayachuja kwa kitambaa safi na kuuza asali kwenye chupa, na masega mengine aliyauza mazima kwa abiria waliotaka kutafuna.

Katika biashara hiyo tuna desturi moja ambayo mgeni akiiona anadhani watu wanagombana. Mnunuzi akiletewa sega halipokei hivi hivi. Linakatwa katikati mbele ya macho yake, kisha analitazama ndani. Kwa nje sega linaweza kuwa limefunikwa vizuri kwa nta nyeupe, kumbe ndani ni watoto wa nyuki, au chavua iliyochacha, au hata udongo mtu aliousindilia ili uzito uongezeke. Mrina asali mwaminifu hakasiriki. Anatoa kisu mwenyewe. Mama Aneth alikata kila sega bila kumwonea mtu haya, hata la Lazaro, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye alikuwa na mizinga mingi upande wa kusini.

"Shemeji, hata mimi unanikata?" Lazaro alimwuliza siku moja.

"Wewe ndiye wa kwanza. Nakujua."

"Kaka alioa polisi."

"Kaka yako alioa mtu mwenye macho. Lete kisu."

Hivyo ndivyo walivyoishi, shemeji na shemeji, kwa utani usiokwisha. Na kwa sababu ya kisu hicho, asali ya Mama Aneth ilipata jina. Makondakta wa treni waliwaambia abiria: ukifika Itigi mtafute mama mwenye meza ya bluu.

Jambo lake jingine lilikuwa mawe. Kambini, wanaume walipokuwa wakivuta tumbaku na kubishana, yeye alizunguka akitazama chini. Aliokota jiwe lenye mistari kama kitenge, jiwe jeupe linalong'aa kama sukari, jiwe lenye alama ya jani. Aliyaweka nyumbani ndani ya nusu ya mzinga wa gogo wa zamani wa Ignas, iliyolazwa kando ya ukuta. Hakuyaita mkusanyo. Aliyaita "vitu vyangu", na ukitaka kuviona alivipangusa kwanza.

Mwaka 1991 kijana mmoja mpita njia, mwenye begi na miwani, aliona kati ya vitu hivyo kipande cha mfupa kilichogeuka jiwe. Akasema, "Mama, niazime nikakichunguze, nitakirudisha mwezi ujao." Alimpa. Huo mwezi ujao haujafika mpaka leo. Tangu hapo Mama Aneth hakuruhusu jiwe lolote litoke nyumbani kwake, wala hakulizungumzia tena jambo hilo, na mtu akilitaja alianza kupangusa meza mpaka wewe mwenyewe ungebadilisha mazungumzo.

Jiwe lenyewe ninaloandika habari zake alilipata Mei 1994, mvua zilipokatika. Alikuwa amekwenda kuwauzia asali wachimbaji wa jasi, yale madini meupe yanayopelekwa viwanda vya saruji. Kando ya shimo moja palikuwa na lundo la kifusi, na mvua ilikuwa imelisafisha. Juu yake palikuwa na jiwe la rangi ya kijivu, ukubwa kama tofali lililovunjika nusu, upande mmoja umejaa matundu yaliyopangana, na kila tundu lingeweza kumeza ncha ya kidole kidogo.

"Hilo tumelitupa, mama," mchimbaji mmoja alimwambia. "Halina jasi."

"Kama mmelitupa ni langu."

Alilifunga kwenye kanga akalibeba mgongoni, kwa kuwa kichwani alikuwa na ndoo. Njiani akakutana na Lazaro akiendesha baiskeli.

"Shemeji, hongera! Umejifungua lini?"

"Leo asubuhi."

Lazaro akashuka, akafunua kanga, akatazama. "Mbona uso umetoboka hivi?"

"Amefanana na baba yake mdogo."

Lazaro alicheka mpaka baiskeli ikaanguka. Lakini alipoliinua jiwe na kuligeuza juani, aliacha kucheka. "Mama Aneth," akasema, na hapo hakuita shemeji, "hili ni sega. Sega limekuwa jiwe."

Na hivyo ndivyo kila mtu alivyosema. Hapa Itigi ukimwonyesha mtu matundu yaliyopangana ataona sega kabla hajaona kitu kingine chochote. Warina asali walikuja kutoka kambini kulitazama. Mzee mmoja aliliweka sikioni. Mwingine alilinusa, akaapa kwamba harufu ya nta bado ipo. Mwalimu aliwaleta wanafunzi wake, padri alilishika na kutikisa kichwa. Mimi pia niliona sega, na kama ungeniuliza ningekula kiapo. Mama Aneth aliliweka mezani, katikati ya chupa zake, na akiulizwa alijibu kwa ufupi: "Ni sega la zamani, limegeuka jiwe. Nimeliokota mwenyewe kwenye jasi." Hakumtoza mtu kulitazama. Treni ikisimama abiria walitoa vichwa madirishani, wakaita, "Mama Sega! Hebu tuonyeshe!" naye alilinyanyua kwa mikono miwili kama mtu anayeonyesha mtoto wa kwanza. Nilimjua miaka mingi, na sikuwahi kumwona amenyooka vile.

Mwanzoni mwa 1996 alihamia stesheni mfanyabiashara aitwaye Fabiano, aliyekuwa na duka Ikungi kabla ya kuja kwetu. Naye akaanza kuuza asali, kwenye madumu, kwa bei ya chini. Hakuwa mtu mbaya wa kupigana na watu. Alikuwa na mdomo tu, na mdomo wake ulifanya kazi siku nzima. Siku moja, abiria wengi wakiwa wamesimama kwenye meza ya bluu, alisema kwa sauti:

"Hilo nalo mnaliamini? Hiyo ni saruji. Unachanganya saruji, unachomeka mabua, yakikauka unayachomoa. Hata mimi nitawatengenezea sega la mawe, mzinga mzima mkitaka, na nyuki wake."

Watu wakacheka. Fabiano, alipoona wamecheka, akaongeza lile lililokuwa na sumu:

"Na mtu anayepika sega la saruji, mnadhani atashindwa kupika sukari akaiita asali?"

Ndugu msomaji, kama hujawahi kuishi kwa kuuza asali huwezi kujua uzito wa maneno hayo. Miaka ile sukari ilikuwa tele, na walikuwepo watu waliokuwa wakiichemsha na kuchanganya. Abiria walijua. Walikuwa wakichovya njiti ya kiberiti kwenye asali na kuiwasha, wakiamini ikiwaka basi asali ni safi. Mama Aneth hakuwa na kinga nyingine isipokuwa jina lake, na sasa jina hilo lilikuwa limefungwa pamoja na jiwe. Jiwe likiwa la kughushi, basi na asali ni ya kughushi. Mwezi wa sita tuliona watu wakipita meza ya bluu wakitabasamu, wakienda kwenye madumu. Mwezi wa nane kondakta mmoja aliyezoea kumletea wateja alinunua kwa Fabiano huku akitazama pembeni.

Aneth, ambaye wakati huo alikuwa ameshaolewa na kuja kumsaidia mama yake siku za treni, alimwambia waziwazi: "Mama, lirudishe ndani hilo jiwe. Watu watasahau."

"Nikilirudisha ndani watasema nimelificha."

"Basi litupe."

"Nikilitupa watasema ni kweli."

Liliendelea kukaa mezani. Lakini hakulinyanyua tena treni iliposimama.

Mwanzoni mwa Oktoba alifika Itigi mtaalamu wa jiolojia kutoka Dodoma, Bwana Joshua, aliyetumwa kukagua mashimo ya jasi kwa sababu waombaji wa leseni walikuwa wameongezeka. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye buti zilizojaa vumbi jeupe. Mama Aneth alimfuata nyumba ya wageni asubuhi ile ya Jumanne, akamkuta anakunywa chai, akamwambia, "Mwanangu, nina jiwe. Nataka uniambie ni kitu gani. Sitaki kuuza, nataka kujua."

Alasiri upepo ulipotulia Bwana Joshua alikuja stesheni. Watu walikuwa wengi wakisubiri treni, wauzaji kwa abiria, na walipomwona ameinama juu ya meza ya bluu na kioo chake cha kukuzia walisogea. Lazaro alikuwepo. Fabiano naye aliacha madumu yake akaja, mikono mifukoni.

"Shikamoo tena, mama."

"Marahaba, baba. Hilo hapo."

Alilitazama muda mrefu. Akalikwaruza kwa kisu. Akatoa kichupa chenye asidi, akadondosha tone moja, na jiwe likatoa povu dogo lenye mlio.

"Linachemka!" mtu akasema nyuma.

"Lina chokaa," Bwana Joshua akasema. "Lakini mama, nitakuambia ukweli. Saruji nayo inaweza kutoa povu hivi. Kwa macho yangu hii si saruji. Ila nikiulizwa na mtu mbishi, kwa kutazama nje tu siwezi kumthibitishia."

"Mtu mbishi nipo hapa," Fabiano akasema, na watu wakacheka.

"Ili nijue lazima lipasuliwe. Niruhusu nilipeleke Dodoma, kuna mashine ya kukatia mawe. Nitakuandikia."

Mama Aneth alikunja uso. "Haliendi Dodoma."

"Nitalirudisha, mama."

"Hata yule wa kwanza alisema hivyo."

Bwana Joshua hakumjua yule wa kwanza, lakini nadhani alielewa, maana hakusisitiza. Akasema taratibu kwamba bila kukatwa yeye hana la kusema zaidi. Angeweza kukisia, lakini kukisia hakutamsaidia mama. Akaanza kufunga begi lake.

Hapo ndipo nilipoona jambo lenyewe. Mama Aneth aliweka mikono yote miwili juu ya jiwe. Kulikata ni kuliharibu. Halikuwa na ndugu yake, alikuwa amezunguka lundo lile mara nyingi asipate jingine. Na kama ndani kungekuwa na saruji, au kitu chochote ambacho hata mtaalamu hakijui, angekuwa amejimaliza mwenyewe mbele ya stesheni nzima. Akilihifadhi angebaki na jiwe zuri na jina bovu.

Lazaro ndiye aliyesema, na hakusema kwa utani mwingi. "Shemeji, mimi masega yangu umeyakata miaka yote hii. Sikuwahi kusema sega langu ni zuri mno kukatwa."

Mama Aneth alimtazama. Kisha akatazama wale watu, akatazama kisu chake cha masega kilichokuwa mezani karibu na chupa.

"Kweli," akasema. "Mimi mwenyewe nisingelinunua." Akamgeukia Bwana Joshua. "Litakatwa. Lakini hapa hapa, juu ya meza hii, na wote wanaona. Na nusu inabaki kwangu."

"Kwa kutumia nini, mama?"

"Stefano yuko wapi?"

Stefano alikuwa fundi wa karakana ya reli, mtu mnene mwenye kucha nyeusi kwa grisi. Alikuwa pale pale kwenye kundi, anakula karanga. Alikwenda akarudi na msumeno wa chuma, bleda za akiba, zile nyembe zake, na debe la maji. Bwana Joshua alichora mstari wa penseli mahali pa kukata. Stefano akaliweka jiwe kwenye gunia lililokunjwa, akaligandamiza kwa goti.

"Nani anashika upande huu?"

"Mimi," akasema Mama Aneth, na akashika.

Ilichukua muda. Jiwe halikuwa gumu kama la barabara, lakini bleda ziliisha meno, na Aneth alikuwa akimimina maji kidogo kidogo kwenye mfereji wa msumeno. Maji yalitoka meupe kama tui. Watu walianza kutoa maoni kama wako mpirani.

"Taratibu, Stefano, usije ukamkata Mama Aneth vidole!"

"Fundi wa treni huyo, hajui kazi ya kinyozi."

"Treni yenyewe nimeitengeneza mimi ndiyo maana imechelewa," Stefano akajibu bila kuinua kichwa, na hata Fabiano alicheka.

Mwishowe msumeno ulipita. Stefano aliliachia, na jiwe likafunguka vipande viwili. Mama Aneth aliviosha mwenyewe kwenye debe, akavifuta kwa ncha ya kanga, akaviweka mezani vikiangalia juu.

Sitasahau nilichokiona. Ndani ya jiwe kulikuwa na vyumba. Havikuwa matundu yaliyonyooka kama ya bua. Vilikuwa vyumba vyenye umbo la kibuyu kidogo, vyembamba juu na vinene chini, vimesimama wima kimoja kando ya kingine. Kila kimoja kilikuwa na ukuta wake mwembamba kama ukucha, laini, wenye rangi ya kahawia iliyoiva kuliko udongo unaokizunguka. Vingine vilikuwa vitupu. Vingine vilijaa vipande vya jasi vinavyometameta. Na vitatu, katikati kabisa ya jiwe, vilikuwa vimefungwa juu kwa kifuniko chenye mzunguko, kama mtu anavyosokota ukili anapoanza kushona kikapu.

Bwana Joshua aliinama. Aliweka kioo chake kwenye kifuniko kimoja, kisha kingine. Alipoinua uso alikuwa anacheka peke yake, kama mtoto.

"Njoo hapa, mtu mbishi," akasema. Fabiano akasogea. "Hivi vyumba vitatu viko katikati ya jiwe. Vimefungwa pande zote. Aliyetengeneza kwa saruji aliingiza bua kupitia wapi, akalitolea wapi?"

Fabiano akainama, akatazama kwa muda. Akagusa. "Hakuna njia," akakubali.

"Na hizi kuta, na hizi punje za jasi zilizokulia humo ndani, hakuna fundi anayeweza kuzipanga. Hii si saruji. Ni kitu kilichojengwa na viumbe hai zamani, kikawa jiwe. Tunakiita kisukuku."

Kelele zilizotoka nadhani zilisikika mpaka kwenye kambi za asali. Lazaro alimshika Stefano wakacheza. Lakini Bwana Joshua alikuwa ameinua mkono.

"Subirini. Mama, kuna jingine, na sitaki nikufiche. Hili si sega."

Lazaro na Stefano wakaachiana.

"Si sega?" Mama Aneth akauliza.

"Hapana. Ninyi mnalijua sega kuliko mimi. Sega ni la nta, vyumba vyake vinatumia ukuta mmoja na jirani yake, na vimelala ubavu, mgongo kwa mgongo. Hivi vimesimama, na kila kimoja kina ukuta wake wa udongo. Kadiri ninavyoona, hivi ni viota vya nyuki wanaoishi ardhini, wale ambao hawana malkia wala kundi. Kila mama anachimba peke yake. Anachimba chumba, anakisiliba, anaweka donge la chavua na asali kidogo, anataga yai moja juu yake, anafunga kwa kifuniko, anaanza kingine. Udongo ule baadaye ukashika chokaa, ukawa jiwe. Mimi ni mtu wa madini, wadudu siyo kazi yangu. Wapo wenzangu wanaojua zaidi. Lakini nimewahi kuona cha namna hii, na ninaamini ndicho."

"Ni vya zamani kiasi gani?"

"Siwezi kukuambia leo. Kabla ya reli, kabla ya sisi sote, hilo nina hakika. Zaidi ya hapo ningekudanganya."

Wengi walimtazama Mama Aneth, na najua walichokuwa wanawaza, maana na mimi nilikiwaza. Miaka miwili amesema sega. Padri amelishika kama sega. Fabiano, ambaye alikuwa ameshindwa dakika hiyo hiyo, aliona mlango mwingine.

"Kwa hiyo bado alidanganya watu," akasema, ila kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. "Alisema sega."

Mama Aneth alivuta kreti ya soda, akapanda juu yake. Nilikuwa sijawahi kumwona akipanda juu ya kitu chochote ili azungumze.

"Fabiano anasema kweli," akasema. "Nimewaambia ni sega, na si sega. Nilikosea. Niliona matundu, nikaona ninachokijua. Sasa nimelikata mbele yenu, na nawaambia upya: ni nyumba za nyuki wa ardhini, mama mmoja mmoja, alizojenga peke yake bila kundi. Kukosea nimekosea. Sukari sijachanganya. Anayetaka kuikagua asali yangu aje na njiti, aje na kisu, aje na mtaalamu. Na wewe Fabiano, lete dumu lako hapa mezani nalo tulitazame."

"Mimi dumu halikatwi," Fabiano akasema, na safari hii kicheko kilikuwa juu yake. Yeye mwenyewe alicheka mwishoni, akakwaruza kichwa. Halafu akasema jambo ninalomheshimu kwalo: "Mama Aneth, lile la sukari nalifuta. Wote wamesikia."

"Nimesikia," akajibu, akashuka kwenye kreti.

"Mama mmoja mmoja, peke yake," Lazaro akarudia akitazama vyumba vile. "Shemeji, hata jiwe limefanana nawe."

Mama Aneth alimpiga begani kwa kanga, lakini nilimwona akigeukia pembeni kupangusa macho, na hayakuwa na vumbi, maana upepo ulikuwa umeshatulia tangu alasiri. Kisha akachukua nusu moja, akampa Bwana Joshua kwa mikono miwili.

"Hii nenda nayo. Safari hii natoa mwenyewe. Lakini uandike."

Bwana Joshua alikata kipande cha plasta nyeupe ya hospitali, akakibandika kwenye jiwe, akaandika kwa wino mbele yake: jina la Itigi, tarehe, na chini yake, "Limepatikana na Yasinta Msengi." Alisema popote jiwe litakapopelekwa, hata likivuka bahari, jina hilo litakwenda nalo, kwa kuwa ndio utaratibu wa kazi yao. Mama Aneth alilisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, jina lake kamili ambalo stesheni ilikuwa haijalisikia. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, na siyo tabia yangu.

"Sasa swali langu moja," Bwana Joshua akasema akifunga begi. "Lilitoka tabaka gani la shimo? Juu ya jasi, katikati au chini? Kwa hilo ndipo wenzangu wataweza kukadiria umri."

"Nililikuta kwenye kifusi. Sijui."

"Basi hatutajua. Si neno, mama, umetusaidia sana."

"Unarudi lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili, kama gari litapatikana."

Mama Aneth aliurudia mwezi huo kwa sauti ya chini. Treni iliingia giza likianza, na abiria walishuka wakakuta stesheni nzima inazungumza kuhusu nyuki. Asali ya meza ya bluu iliisha kabla injini haijapiga honi. Bwana Joshua alipanda treni ya kwenda Dodoma usiku huo huo ilipopita kuelekea mashariki.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, meza ya bluu ilikuwa na Aneth peke yake. Mama yake alikuwa ametoka alfajiri kwenda kwenye mashimo ya jasi, na mimi nilipofika huko kwa baiskeli nilimkuta ameshashuka ndani ya lile shimo la kifusi, wachimbaji wamekaa ukingoni wakinung'unika kwamba anawachelewesha kazi. Alikuwa anakwangua ukuta wa shimo kwa kile kisu cha masega, akianzia chini akipanda juu, akipuliza vumbi na kutazama. Usawa wa bega lake, juu kidogo ya jasi nyeupe, kulikuwa na mkanda wa udongo wa kijivu, rangi ya lile jiwe. Alikwangua hapo, akasimama, akakwangua tena, kisha akaingiza ncha ya kidole kidogo ndani ya tundu, na jingine, na jingine. Aliomba vijiti. Alivichomeka kwenye ule mkanda kutoka pembe hii ya shimo mpaka ile, akawaambia wachimbaji, "Hapa msipaguse mpaka yule mtaalamu arudi mwezi wa kumi na mbili. Chimbeni upande ule." Wakabisha. Akaketi chini, mgongo wake ukiwa umeegemea vile vijiti, akafungua chupa ya chai na chupa ya asali, akawaambia washuke wanywe.